Kamera ya plastiki, kopo la kahawa na kazi tuliyowaachia wengine

Kijana anayenunua kamera ya plastiki leo, iwe Holga au Diana, hukutana na swali moja kabla hata hajafunga mkanda wa kwanza: utasafishia wapi? Maduka mengi yaliyokuwa na mashine za kusafishia mikanda yamebaki na picha za pasipoti na kuchapa picha za kwenye simu. Wapo watakaomshauri ampe mtu anayesafiri ng'ambo. Mimi namshauri asafishe mwenyewe, nyumbani kwake, kuanzia mkanda wa kwanza kabisa, na ukishakauka askani mwenyewe. Simshauri hivyo kwa kuwa maduka yamepungua. Hata kila mtaa ungekuwa na duka, ningemwambia hivyo hivyo, kwa sababu picha ya kamera ya namna hii haikamiliki pale kidole kinapobonyeza. Sehemu kubwa ya sura yake huamuliwa ndani ya tangi la dawa, kisha juu ya kioo cha skana, na anayeshika kazi hizo mbili ndiye mwenye picha.

Kuna siku kazi hizo zilitenganishwa na mpiga picha, na siku hiyo inajulikana vizuri. Mwaka 1888 George Eastman wa Rochester, Marekani, aliingiza sokoni kamera aliyoiita Kodak. Iliuzwa dola 25 ikiwa tayari na mkanda wa picha 100 ndani. Mteja akimaliza picha zake alituma kamera nzima kiwandani pamoja na dola 10. Huko wakasafisha mkanda, wakachapa picha, wakaweka mkanda mpya na kumrudishia. Tangazo la kampuni lilimhakikishia mteja kwamba kazi yake ni kubonyeza tu, mengine yote watafanya wao. Mwaka 1900 ikaja Brownie, kisanduku cha kadibodi kilichouzwa dola moja, na watoto wakaanza kupiga picha.

Sitaki kuidharau hatua ile. Iliwapa kamera watu ambao wasingeigusa maishani. Mohamed Amin, Mkenya ambaye picha zake za video za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliishtua dunia, alianza utotoni na Box Brownie ya mkono wa pili. Lakini bei tuliyolipa kwa urahisi ule ilikuwa kukabidhi "mengine yote" kwa watu tusiowaona, na hatujawahi kuyadai tena. Simu iliyo mfukoni mwako ni Kodak ile ile ya mwaka 1888 iliyofika mwisho wa safari yake. Unabonyeza, nayo ndani ya kufumba na kufumbua inaamua kivuli kiwe cheusi kiasi gani, anga iwe na bluu gani, uso wa bibi yako ung'ae au using'ae. Haikuulizi lolote.

Holga inauliza, na ndiyo maana naipenda kama mwalimu. Ilitengenezwa Hong Kong mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikilenga familia za kawaida za China zilizohitaji kamera ya bei ndogo ya kupigia picha za nyumbani. Inatumia mkanda wa 120, ule mpana wenye karatasi mgongoni, na hutoa picha 12 za mraba. Lenzi yake ni ya plastiki. Shata ina kasi moja tu, takribani sehemu moja ya mia ya sekunde. Umbali hupimwa kwa vialama vinne: mtu mmoja, watu watatu, kundi la watu, mlima. Hakuna kipima mwanga wala betri. Pembe za picha huingia giza, katikati huwa angavu, na mwanga hupenya kwenye viungo vya mwili wake mpaka watu huuziba kwa utepe mweusi. Pamoja na hayo, mpiga picha wa habari wa Marekani David Burnett alimpiga Al Gore kwa Holga katika kampeni za urais za mwaka 2000, na picha ile ikapata tuzo ya chama cha wapiga picha wa habari wa White House.

Faida yake kwa anayejifunza kusafisha ni kwamba mambo ya kuyafuatilia ni machache. Kwenye kamera yenye kasi kumi na matundu manane, negativu ikitoka nyepesi mno hujui kama kosa ni la kasi, la tundu, la kipima mwanga au la dawa. Kwenye Holga ni mwanga wa siku ile au dawa, basi. Na mwanga wetu ni rahisi kuujua. Jua la saa sita la Dar es Salaam au Mombasa linatosheleza mkanda wa ISO 100 kwa kasi ile moja. Mawingu yakitanda, au ukiwa chini ya mwembe, weka wa ISO 400. Mkanda wa nyeusi na nyeupe huvumilia mwanga kuzidi kuliko unavyovumilia mwanga kupungua, kwa hiyo ukisita, chagua upande wa mwanga mwingi.

Sasa dawa. Hapa wengi hukata tamaa kwa sababu wanafikiria chupa za kuagiza nje, ushuru wa forodha na kusubiri. Lakini mwaka 1995, mjini Rochester kwa Eastman yule yule, mwalimu wa chuo cha teknolojia cha mji huo, Scott Williams, pamoja na wanafunzi wake walionyesha kwamba mkanda unaweza kusafishwa kwa kahawa ya unga inayoyeyuka papo hapo ikichanganywa na magadi ya kufulia. Baadaye wapiga picha wakaongeza vitamini C, na dawa hiyo leo inajulikana duniani kwa jina la Caffenol. Kinachofanya kazi si kafeini. Ni asidi zilizomo ndani ya kahawa, hasa asidi ya kafeiki, ambazo magadi yakishaondoa uchachu wa maji hupata nguvu ya kugeuza chembe za chumvi ya fedha zilizoguswa na mwanga kuwa fedha halisi, nyeusi. Vitamini C huongeza kasi na kuzuia ukungu.

Tafadhali msomaji, itazame orodha hiyo upya. Kahawa ya kuyeyuka inatengenezwa Bukoba na kiwanda cha Tanica, na kopo la Africafé liko karibu kila duka la Mangi. Sehemu kubwa ya kahawa ya Kagera ni robusta, ambayo kwa kawaida ina asidi ya klorojeniki nyingi kuliko arabika, na asidi hiyo ndiyo chimbuko la ile ya kafeiki. Wanaosafisha mikanda kwa kahawa huko Ulaya hutafuta robusta ya bei ya chini kwa sababu hiyo hiyo. Magadi nayo yamelala kwenye Bonde la Ufa. Kampuni ya Ziwa Magadi, Kenya, ilianzishwa mwaka 1911, na mama zetu wameyatia magadi kwenye makande tangu zamani. Vitamini C iko duka la dawa. Mtu wa Berlin anayatafuta haya kwenye mitandao. Sisi tumezungukwa nayo, halafu tunasema upigaji picha wa mkanda ni jambo la wenzetu.

Kipimo kinachotumiwa na wengi kwa mkanda wa ISO 100 ni hiki, kwa lita moja ya maji: gramu 54 za magadi makavu yaliyosafishwa, gramu 16 za vitamini C na gramu 40 za kahawa. Mkanda mmoja wa 120 unahitaji nusu lita, kwa hiyo ugawe kwa mbili: 27, 8 na 20. Magadi ghafi ya sokoni hayafai kwa anayeanza, maana yana chumvi na udongo na sehemu yake ni aina nyingine ya soda isiyo na nguvu ya kutosha. Tafuta magadi ya kiwandani. Vidonge vya vitamini C vya kutafuna vina sukari na rangi, chukua unga mtupu. Yeyusha magadi kwanza mpaka maji yawe meupe kabisa, ndipo utie vitamini C ambayo itatoa mapovu, mwisho kahawa. Acha dakika chache mapovu yaishe. Harufu yake si nzuri hata kidogo, na vyombo vya kazi hii visirudi jikoni.

Kazi ngumu zaidi ya anayeanza ni kuuingiza mkanda kwenye rili gizani, na hali yetu ya hewa huongeza ugumu ambao vitabu vilivyoandikwa kwenye baridi havitaji. Mikono huingia ndani ya begi la giza, vidole hukunjua karatasi mpaka vikutane na mkanda wenyewe, laini na wenye kutaka kujiviringisha, kisha vinauelekeza kwenye mdomo wa rili na kuuzungusha taratibu, mkono wa kulia mbele, wa kushoto nyuma. Katika joto la pwani begi hujaa unyevu baada ya dakika chache. Mikono hutoka jasho, mkanda hunata kwenye plastiki ya rili, na ukilazimisha unakunjika na kuacha alama za mwezi mwandamo kwenye picha. Dawa yake ni kufanya kazi hii alfajiri au usiku kukiwa kumepoa, rili ikiwa kavu kabisa. Ukihisi unyevu umezidi, funika mkanda ndani ya tangi, toa mikono, pumzika, uanze tena. Mwishoni utakuta mkanda umegandishwa kwenye karatasi kwa utepe. Ubandue polepole, kwani ukivuta kwa ghafla umeme tuli huweza kutoa cheche inayochoma alama. Kabla ya yote hayo, toa kafara mkanda mmoja uliokwisha muda wake, uufanyie mazoezi mchana macho yakiwa wazi, kisha ukiwa umefumba macho, mpaka vidole vizoee.

Joto lina neno jingine pia. Kipimo cha kahawa kinataka nyuzi 20 kwa dakika 15, na maji ya bomba la Dar mwezi wa Februari yanakaribia 30. Kadiri dawa inavyopata joto ndivyo inavyofanya kazi haraka, na haraka hiyo humnyima anayeanza nafasi ya kuidhibiti. Beseni la maji lenye vipande vya barafu ya mtaani linatosha: tumbukiza chupa za dawa humo, shika kipimajoto, subiri. Geuza tangi juu chini sekunde kumi kila dakika. Watu wanaona kazi hii inachosha. Mimi naona ni dakika 15 za nadra katika wiki ambazo mtu hawezi kushika simu, na anachofanya kwa mikono yake kinaonekana moja kwa moja kwenye matokeo.

Maji ya mgawo yasikutishe. Kampuni ya Ilford ya Uingereza ilibuni namna ya kuosha isiyohitaji bomba linalotiririka: jaza tangi maji, geuza mara 5, mwaga, jaza tena, geuza mara 10, mwaga, jaza mara ya tatu, geuza mara 20. Ni lita moja na nusu hivi kwa mkanda mmoja. Maji ya kisima yenye chumvi huacha madoa yakikaukia kwenye mkanda, kwa hiyo suuza ya mwisho iwe kwa yale maji ya betri yasiyo na asidi yanayouzwa vituo vya mafuta, na tone moja la sabuni ya vyombo. Kisha tundika mahali pasipo na vumbi, zima feni, funga dirisha.

Kabla ya kuosha huko kuna hatua isiyo na mbadala wa jikoni, nayo ni dawa ya kukazia, inayoondoa chumvi ya fedha iliyobaki ili picha isiendelee kugeuka nyeusi kwenye mwanga. Asili yake ni thiosulfeti. John Herschel wa Uingereza aligundua mwaka 1819 kwamba inayeyusha chumvi za fedha, na upigaji picha ulipozaliwa mwaka 1839 alikuwa tayari na jibu lake. Njia ya kujua muda wake ni rahisi: kata kipande cha mkanda usiosafishwa, kitumbukize, hesabu mpaka kiwe angavu, zidisha mara mbili. Ikishatumika huwa na fedha ndani yake, na fedha hiyo ni sumu kwa viumbe wa majini. Isimwagwe karibu na kisima wala kwenye mfereji wa mvua. Ukilaza ndani yake stiliwaya ya chuma kinachopata kutu kwa siku kadhaa, chuma kitayeyuka na fedha itabaki chini kama tope. Anayesafisha nyumbani anawajibika kwa maji yake machafu, na ninalisema hili kwa uzito kwa sababu mafunzo mengi hulipita.

Mkanda ukikauka, wengi hudhani kazi imekwisha na kuukimbiza steshenari. Skana ya pale ni ya kuskania vyeti: inamulika kutoka chini tu, na negativu itatoka ukanda mweusi usio na kitu. Negativu inahitaji mwanga unaopita ndani yake. Kuna skana za mezani zenye taa kwenye kifuniko, lakini anayeanza haimlazimu kununua. Tableti yenye skrini nyeupe, kadibodi nyeusi yenye dirisha la mraba na kamera yoyote ya dijitali vinatosha, hata simu nzuri. Inua negativu sentimita chache juu ya skrini ili vitone vya skrini visionekane, zima taa za chumba, na hakikisha lenzi na negativu viko sambamba. Weka kioo kidogo palipo na negativu, na ukiona lenzi inajitazama katikati ya kioo umepatia. Kama mkanda unajikunja, ulaze ndani ya vitabu vizito usiku mzima kwanza.

Mwenye skana asikimbilie namba kubwa. Picha ya Holga ina upande wa milimita 56, na kwa vitone 2,400 kwa inchi unapata picha ya pikseli zaidi ya 5,000 kila upande, karibu milioni 28 kwa jumla. Lenzi ile ya plastiki haikuandika maelezo mengi kiasi hicho. Zima kitufe cha kuondoa vumbi kwa miale ya infraredi, maana fedha ya mkanda wa nyeusi na nyeupe huizuia miale hiyo na programu hudhani picha yenyewe ni uchafu. Tumia brashi laini. Zima na kile cha kunoa.

La muhimu kuliko yote ni kukataa uamuzi wa mashine kuhusu mwanga. Programu ya skana, ikiachwa ijiendeshe, hutafuta sehemu nyeusi kabisa na nyeupe kabisa, ikainyoosha picha kati ya hizo na kuupandisha wastani wake. Pembe za giza za Holga huihadaa. Inadhani picha nzima imekosa mwanga. Matokeo yake uso wa mtu mweusi unatoka wa kijivu, umepauka, na kanzu aliyovaa imepoteza mikunjo. Hili lina historia. Kwa miaka mingi maabara za picha za rangi zilipimia kazi zao kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke Mzungu, zilizoitwa kadi za Shirley, na ngozi zetu zikachapwa kwa kipimo cha ngozi yake. Fundi wa maabara hakuwa na nia mbaya. Alifuata kadi. Ukiskani mwenyewe kadi ni macho yako, na unamjua uliyempiga. Chukua faili ghafi isiyorekebishwa, geuza negativu kuwa picha kwa mkono wako, kisha anza na uso: ushushe mpaka uone ngozi unayoijua, ndipo ushughulikie anga na ukuta. Kama anga itapotea, ipotee.

Naelewa anayesema mkanda ni ghali na hautengenezwi kwetu. Ni kweli, na sina namna ya kulipunguza hilo. Picha 12 kwa bei ile ni anasa kwa kijana asiye na kipato. Ninachoweza kusema ni kwamba picha 12 alizozisimamia tangu mwanzo hadi mwisho zitamfundisha mengi kuliko maelfu yaliyomo kwenye simu yake, na kwamba negativu inabaki. Nenda Capital Art Studio, Mji Mkongwe wa Zanzibar, studio iliyoanzishwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, utazame zile picha za nyeusi na nyeupe ukutani. Zipo kwa sababu kulikuwa na vitu vya kushikika vya kuhifadhi. Simu zetu za miaka kumi iliyopita ziko wapi, na harusi zilizokuwamo?

Ndiyo maana naona mahali pa kwanza pa kufundishia kazi hii ni shule za sekondari. Mwanafunzi wa kemia anaifahamu thiosulfeti ya sodiamu: ndiyo anayoichanganya na asidi ya haidrokloriki kwenye jaribio la kasi ya mmenyuko, akingoja msalaba uliochorwa kwenye karatasi upotee machoni. Mzani upo maabara. Kipimajoto kipo, silinda za kupimia zipo, mwalimu anayejua kumwaga kemikali salama yupo. Linalokosekana ni tangi moja, begi moja la giza, kamera moja ya plastiki ya kupokezana na mikanda michache kwa muhula. Kahawa, magadi na barafu vitatoka dukani. Wazazi wenye uwezo, wapiga picha wenye kamera zilizolala kabatini na wafanyabiashara wa kahawa wa Kagera wanaotafuta pa kuweka jina lao wanaweza kuanza na shule moja, muhula ujao, bila kusubiri mtaala ubadilishwe.